Siku Mwanaidi Redio Aliponyamaza

Mwanaidi Matano anauza mchele soko la Mwanjelwa, Mbeya, na ukimuulizia kwa jina hilo utazunguka soko zima. Sema Mwanaidi Redio, utapelekwa kwa mkono. Mtoto akizaliwa, posa ikija, mgonjwa akiruhusiwa hospitali, mtangazaji ni yeye, na kabla ya maneno hutanguliza vigelegele vinavyosikika mpaka kwenye kijiwe cha bodaboda. Habari kwake ilikuwa kama mchele kwenye gunia lililotoboka.

Jambo moja tu hakulitangaza: lilimuuma kuwa mtoto wa pekee. Baba yake, dereva wa malori ya Mbeya na Iringa, alifariki akamwacha hana kaka wala dada. Kila Idi aliwaona wenzake wakigombana na dada zao, nani kazidisha chumvi kwenye pilau, naye akauonea wivu hata ule ugomvi.

Basi binamu yake Junaid, anayeishi Uingereza, alipokuja likizo na vijichupa vya kutemea mate kwa ajili ya kipimo cha DNA, kile kinachoonyesha asili na ndugu wa damu, Mwanaidi alikuwa wa kwanza kutema. Ukoo ulitaka kujua babu yao alitoka pwani ipi kabla ya kuja bara kufanya biashara. Junaid akaunda kundi la WhatsApp na kuweka sharti moja: majibu ya mtu ni yake, na likitokea jina la mtu mwingine, aulizwe kwanza.

"Umenisikia, dada Mwanaidi?"

"Nimekusikia. Kwani mimi nina mdomo gani?"

Watu walicheka mpaka wakakohoa.

Majibu yalimkuta Mwanaidi akimpimia mteja mchele. Akafungua simu. Habari za pwani hakuzifikia, maana juu kabisa paliandikwa jina asilolijua: Anjela Kalinga, Iringa. Ndugu wa baba mmoja.

Ndugu! Mwanaidi alimwaga mchele wa watu. Alishika simu, akabonyeza kurekodi, akaachia vigelegele ambavyo Mwanjelwa haikuwahi kuvisikia. Akavuta pumzi ili aseme jina, na hapo ndipo sharti la Junaid lilipomjia. Kidole kikateleza. Vigelegele vitupu vikaenda kwenye kundi, bila neno.

Kundi likachemka. Nani kaolewa? Nani kajifungua? Redio, mbona matangazo yamekatika?

"Subirini," aliandika Mwanaidi. Neno hilo hakuna aliyewahi kulisikia kwake.

Alimtumia Anjela ujumbe, na jioni hiyo hiyo simu ikaita. Anjela alikuwa mwalimu Kilolo. Kile kipimo alikipata kama zawadi ya binti yake anayesoma Uswidi, na alidhani kitamwonyesha habari za mababu wa kale tu.

"Dada, nina furaha mpaka natetemeka," alisema. "Ila mama yangu yupo, na Mzee Kalinga aliyenilea naye yupo. Mzee anaamini mimi ni damu yake. Jina langu likitoka kwenye hilo kundi lenu, yeye atalisikia kwa watu. Itamuua. Naomba unyamaze mpaka nitakapopata ujasiri wa kusema nao."

Mwanaidi alikuwa amekwama kwenye lile neno la kwanza. Ameniita dada! Angemwahidi hata kumshushia mwezi kutoka angani.

"Nimenyamaza, mdogo wangu."

Kunyamaza kwenyewe kulikuwa homa. Mvua zikanyesha zikaisha, mpunga mpya ukaingia kutoka Mbarali, na Mwanaidi bado anatembea na furaha yake kifuani kama mtu aliyeficha jogoo ndani ya khanga. Walipigiana simu kila siku, yeye na Anjela, wakacheka mambo ya kijinga. Kisha shangazi yake, Mwanakhamisi, akaja mwenyewe sokoni akaketi juu ya gunia.

"Mimi dada wa baba yako. Hata mimi unanificha?"

Mwanaidi alimpenda shangazi yake, na ulimi ulimwasha kweli. "Shangazi, ningekwambia," alisema. "Ila jambo lenyewe si langu." Mwanakhamisi aliondoka amenuna, na Mwanaidi akalia kidogo nyuma ya mizani.

Siku Anjela alipopiga na kusema, "Nimewaambia. Mzee anataka akuone," Mwanaidi hakuuliza zaidi. Alibeba mfuko wa mchele na kupanda basi. Basi likapita Igawa kwenye wachuuzi wa vitunguu, hakununua hata kimoja. Kuanzia Iringa mjini mpaka Kilolo alikuwa akijiuliza atafukuzwa kwa maneno au kwa fimbo.

Mzee Kalinga alimsubiri mlangoni na koti lake zito, ukungu umefunika mashamba ya viazi. Nyuma yake alisimama mama yake Anjela, Paskalina, kichwa chini.

"Kamwene," Mwanaidi alisalimu kwa Kihehe alichofundishwa kwenye simu.

"Kamwene," alijibu mzee. "Wewe ndiye uliyenyamaza?"

"Ndiyo, baba."

"Paskalina aliniambia kabla hatujafunga ndoa. Nimejua siku zote. Hofu yangu ilikuwa mtu kuja kumtangazia mwanangu Anjela njiani, akili yake ikachanganyikiwa. Kumbe na yeye alikuwa ananihurumia mimi." Mzee akasogea mlangoni kumpisha. "Pita ndani, mwanangu. Tumemwita Muislamu wa pale dukani, ndiye kachinja kuku. Utakula bila wasiwasi."

Anjela akatokea jikoni na mwiko mkononi. Walikumbatiana mpaka mwiko ukamchafua Mwanaidi mtandio, wala hakujali.

"Haya dada," Anjela alisema huku akifuta macho, "sasa tangaza. Nimeruhusu."

Mwanaidi alifungua kundi, akabonyeza kurekodi, akafungua mdomo. Kilitoka kilio. Redio nzima ikazimika. Anjela akacheka, akasogeza uso kwenye simu, akapiga vigelegele yeye.

Shangazi Mwanakhamisi ndiye aliyejibu kwanza, kwa sauti ya mtu aliyechoka kusubiri. "Mwanaidi, vigelegele vyako tumevisikia. Leo utamalizia hilo tangazo?"

Anjela akaichukua simu.

"Shangazi, huyo si Mwanaidi," alisema. "Ni mimi, mdogo wake."