Pipa la Bluu la Sadaka ya Babu

Ilianza Jumamosi, saa kumi na robo alasiri. Bibi alikuwa ameshaswali, ameketi kibarazani kwetu Bagamoyo anasuka ukili wa mkeka, na mimi niko mkekani mbele yake na daftari la klabu ya mazingira. Mwalimu wa Baiolojia alikuwa ametupa maswali kumi, yale watu wanayouliza kila siku: maji yanachafuliwa na nini, plastiki zinaishia wapi, dawa za shambani zina madhara gani. Sisi wa kidato cha tatu hatukutakiwa kuyajibu kutoka kitabuni. Kila mmoja amtafute mzee ambaye kazi yake iligusa ardhi au bahari, amwache asimulie kazi hiyo tangu siku ya kwanza hadi kustaafu, na majibu ayaokote humo humo.

Wenzangu walikimbilia wavuvi. Mimi kuzungumza na mtu nisiyemzoea ni tabu, kwa hiyo nilimchagua Bibi. Nilijua alikuwa mtunza ghala la pembejeo kwa miaka mingi. Nikadhani nitajaza kurasa mbili nikakoge.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umeniamkia asubuhi, sasa hii ya pili ya nini? Sema unachotaka."

"Nataka unisimulie kazi yako."

"Ipi? Ya kumpikia mume wetu au ile ya ghalani?"

Mume wetu ni Babu. Tulimgombania tangu sijaanza shule, na ingawa alifariki mwaka juzi utani wenyewe haujafa.

Siku yake ya kwanza Bibi aliripoti Zinga, Jumatatu, saa moja kasoro robo asubuhi, kavaa khanga mpya na viatu vya kuazima vilivyombana vidole. Ghala lilikuwa jengo refu la mabati pembeni mwa mashamba ya mikorosho. Aliyempokea ni Meneja wa Ghala, bwana mfupi mwenye kalamu tatu mfukoni. Hakumwambia karibu. Alimsimamisha mlangoni akasema, "Binti, nusa."

Bibi akanusa.

"Unasikia harufu?"

"Naam, nasikia."

"Basi imeshakuingia. Fungua madirisha kwanza, salamu baadaye."

Ndivyo alivyoanza kazi. Pembejeo, alinieleza, ni kila anachohitaji mkulima ili shamba lizae: mbegu, mbolea, dawa, mabomba ya kupulizia. Zinga kilichojaa zaidi ni salfa, unga wa manjano wanaoupulizia mikorosho isishikwe na ubwiri unga, ugonjwa unaofanya maua yaonekane kama yamemwagiwa sembe. Alifundishwa kupanga mifuko juu ya mbao isiguse sakafu. Alifundishwa kwamba kilichotangulia kuingia ndicho kitangulie kutoka, kisije kikaozea nyuma. Dawa za maji zikae chini na za unga juu, ili za maji zikivuja zisiharibu za unga.

"Na zikimwagika?" niliuliza. Hilo lilikuwa swali la tatu.

"Tunamwagia maranda ya fundi seremala, yananyonya, halafu tunafagia."

"Mnapeleka wapi?"

"Nje."

"Nje wapi, Bibi?"

"Nje, mwanangu! Nje siku hizo ilikuwa kubwa."

Nikaandika: *nje*. Nilikuwa bado natabasamu.

Kutoka Zinga alihamishiwa Ubena, mama yangu akiwa bado mgongoni. Huko mkubwa wake alikuwa Bwana Shamba, mrefu, mwenye pikipiki iliyosikika kabla haijaonekana. Huyu alikuwa na desturi ya kurusha vumbi kidogo hewani kabla ya kuruhusu watu wapulizie. Vumbi likikimbilia nyumba za watu, kazi inaahirishwa, hata kama vibarua wameshafika. Mkulima akikoroga dawa kwa mkono, alimfokea mbele ya watu: "Mkono wako ni mwiko? Basi jioni kaupikie ugali!"

Bibi alicheka aliposimulia hilo, nami nikacheka. Halafu akaendelea kwa sauti ile ile kwamba mabomba waliyaosha kwenye lambo la ng'ombe, maana maji ya bomba yalikuwa ya shida, na asubuhi moja samaki wa lambo wakaonekana wameelea matumbo juu.

"Mkafanya nini?"

"Sisi? Watu wakaja na matenga. Samaki wa bure nani atamwacha?"

"Wakala?"

"Wakala." Mkono wake ukasimama kwenye ukili. Alitazama chini kidogo. "Bwana Shamba aliporudi akakuta miiba tu. Alikaa juu ya pikipiki yake, hakufoka. Nadhani siku ile angefoka ningejisikia vizuri."

Sikujua niandike nini. Nilikuwa nimeyasoma mambo haya darasani, lakini kitabuni hayana matenga. Nilimuuliza kama kuna aliyeumwa. Akasema watu waliharisha, na kuharisha kulikuwa jambo la kila mwaka, nani angejua hii ni ya samaki na hii ni ya maembe mabichi.

Mwisho akaletwa hapa Bagamoyo mjini, ghala kubwa, na hapo ndipo alipokaa mpaka kustaafu. Dawa za maji zilikuja kwenye mapipa ya plastiki ya bluu, yale yenye mfuniko na pete ya chuma ya kubana. Mara moja moja alikuja Mkaguzi kutoka juu, mama mnene mpole asiyekunywa hata chai ya ofisini, na yeye alikuwa na neno moja. Pipa likiisha dawa lisuuzwe mara tatu, litobolewe tako, halafu litengwe lichukuliwe likaharibiwe. Aliliandika neno lake kwa chaki nyuma ya mlango, kwa herufi kubwa: TOBOA.

"Mkatoboa?"

Bibi alinitazama kana kwamba nimemuuliza kama walikuwa wanachoma pesa.

"Pipa zima? Wewe unajua pipa la bluu lenye mfuniko wake lilivyokuwa? Maharusi wanapelekewa! Utoboe pipa zima kwa msumari, Mungu akuulize kesho? Tuliweka mawili mabovu yaliyopasuka, hayo ndiyo tukayatoboatoboa. Mama Mkaguzi akija, anaonyeshwa. 'Hongereni,' anasema. Mazima tunapigiana kura sisi wafanyakazi."

"Na sumu?"

"Tuliosha! Usituone wajinga. Kwa majivu, kwa mchanga, kwa sabuni ya unga, halafu juani siku tatu. Harufu ikiisha, sumu imeisha."

Nilirudi nyuma kurasa mbili kwenye daftari langu, kwa yule Meneja wa Zinga mwenye kalamu tatu. Yeye hakusema ukikosa harufu umesalimika. Niliuliza kwa sauti ndogo, "Bibi, wewe kura ilikuangukia?"

"Mwaka ule ule wa kustaafu. Zuri! Sikulitia maji, nililionea huruma. Nililitilia mapazia na shuka chumbani kwangu. Mpaka mume wetu alipotutoka ndipo nikalitoa."

Hapo kalamu ilisimama. Pipa lile ninalijua. Kila mtu mtaani kwetu analijua. Liko uani kwa madrasa, juu ya kijukwaa cha saruji, fundi amelitia koki, na kopo limefungwa kwa mnyororo. Limeandikwa kwa rangi nyeupe: *Sadaka jariya ya marehemu Mzee Shomari*. Sadaka jariya ni ile isiyokwisha. Unamtolea marehemu kitu ambacho watu wataendelea kunufaika nacho, na kila mtoto akinywa, thawabu zinamfikia Babu kaburini. Bibi hutaja jambo hilo kila Ijumaa. Juzi tu, nikitoka shule na jua kali, nilipita pale nikanywa makopo mawili.

"Bibi," nilisema. "Lile la madrasa?"

"Lile. Jingine lipi?"

Nilitaka kutema mate. Niliwahesabu watoto kichwani kwa majina, nikafika kumi na tisa nikaacha.

"Bibi, lilikuwa na dawa."

"Lilioshwa, nimekwambia."

"Watoto wanakunywa."

"Mwaka wa pili huu wanakunywa! Kuna aliyeanguka? Niambie jina lake." Sauti ilipanda. "Unataka kusema mimi nimemtolea mume wangu sumu?"

Hakusema mume wetu.

Mimi si mtu wa kubishana na wakubwa. Machozi yalinijia. Lakini nilikumbuka kitu alichotuambia mwalimu wa Kemia, kwamba zipo dawa zinazoingia ndani ya plastiki yenyewe, zikakaa humo na kutoka kidogo kidogo. Nisingeweza kumweleza Bibi kwa maneno ya mwalimu. Nikaingia jikoni, nikachukua bakuli letu jeupe la plastiki, lile tunalotilia mchuzi wa samaki wa nazi. Si jeupe tena. Limekuwa la manjano mpaka ukingoni, kwa sababu ya bizari. Nikaliweka juu ya ukili wake.

"Hili tumeliosha mara ngapi?"

Alilitazama. Akalisugua kwa kidole gumba. Akatia mate kidogo kwenye ncha ya khanga akalisugua tena, kwa nguvu. Rangi ya manjano haikutoka. Akalinusa.

"Halina harufu," alisema polepole.

"Halina."

Mpita njia alitusalimia, na Bibi, ambaye hajawahi kuacha salamu ya mtu, hakuitika. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeitwa kwa jina na mtu asiyemwona. Niliogopa kuliko nilivyoogopa habari ya pipa.

"Labda hamna kitu," nilisema. "Kweli Bibi, labda hamna. Hatujui."

"Hatujui," alisema. "Miaka yote ile nilisifiwa kwa kujua. Siku ya kuagwa Meneja wa hapa mjini alisimama akasema, huyu mama hajawahi kupoteza hata mfuko mmoja. Kweli. Kilichoingia mlangoni nilikihesabu, kilichotoka mlangoni nilikihesabu. Kikishavuka mlango nikasema si changu tena." Akalisukuma bakuli pembeni. "Tulifanya kazi kwa bidii, mwanangu, usiandike kwamba tulikuwa wavivu. Mikorosho ilizaa. Watu walisomesha watoto. Lakini neno moja tuliloandikiwa mlangoni kwa herufi kubwa tulilisoma kila siku tukalipita, kwa kuwa pipa lilikuwa zuri."

Aliuliza watoto wanaingia saa ngapi. Nilimwambia leo wameshatoka tangu adhuhuri na ua umefungwa, kesho wanaingia saa mbili.

"Haya yote umeandika?"

"Mpaka bakuli. Nifute?"

"Ukifuta nitakunyima radhi. Andika na samaki."

Jumapili, baada ya swala ya alfajiri, alitoka chumbani kavaa buibui, mkononi nyundo na msumari wa inchi sita. Tulikwenda kwa Maalim, anayeishi ubavuni mwa madrasa. Tulikubaliana Bibi ndiye aseme. Tulipofika, Maalim akatukaribisha kwa furaha, "Ah, mwenye thawabu zake asubuhi asubuhi!" Bibi akaificha nyundo ndani ya buibui. Akanigeukia.

Nikasema mimi. Nikasema yote, nikimtazama miguuni: dawa, kura, majivu, bakuli. Nilipomaliza Maalim alikuwa amejishika kifua.

"Mimi ndiye ninayekunywa wa kwanza kila siku," alisema. "Ili watoto waone maji ni mazuri."

Hakutulaumu. Akafungua ua. Pipa lilikuwa limebaki na maji kidogo chini, maana hujazwa Jumapili asubuhi. Akaliinamisha ayamwage. Bibi akamshika mkono.

"Unamwaga wapi, Maalim?"

"Nje hapa."

"Nje wapi?" alisema Bibi. Akamwonyesha kisima, hatua kumi tu kutoka pale. Tukayakinga maji yote kwenye dumu, nikalifunga, ili Jumatatu yapelekwe kwa wataalamu wayapime, na wao waseme pipa lenyewe likaharibiwe wapi. Maalim akaingia ndani kutoa mtungi wake mwenyewe kwa ajili ya watoto.

Bibi alilalaza pipa, maandishi ya Babu yakawa juu. Akaniwekea nyundo mkononi.

"Kazi hii niliagizwa mimi. Mikono yangu haina nguvu tena. Jina usiliguse, anza takoni."

Niliweka msumari nikapiga. Plastiki ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani, ikanirushia nyundo. Nikapiga tena, ukazama. Nikatoboa tundu la pili, la tatu, nikaacha kuhesabu. Watoto wa kwanza walikuwa wameanza kuingia na juzuu zao, wakasimama wananiangalia. Kabinti kamoja kakauliza kwa mshangao, "Dada, mbona unatoboa pipa zima?"

Nilisubiri Bibi amjibu. Bibi alikuwa amekishika kile kikopo cha mnyororo kwa mikono miwili, ananiangalia mimi.

"Njoo ukae hapa nikwambie," nilimwambia yule mtoto, na nikiwa namwambia, nikauweka msumari mahali pengine.