Hedifoni za Mama Mkwe

Nimefundisha jiografia miaka kumi na tisa katika shule moja ya sekondari mjini Nakuru, na kwa muda huo wote sikuwahi kuvuka mpaka wa nchi. Ramani ya Ulaya naweza kuichora ubaoni nikiwa nimesinzia, na wanafunzi wangu watathibitisha kwamba nimeshafanya hivyo. Kwa hiyo mke wangu alipotuma tikiti mbili za ndege kutoka Ujerumani, nilifurahi mpaka nikasahau kusoma majina. Moja ilikuwa yangu. Ya pili ilikuwa ya mama yake, na viti vyetu vilikuwa vimepakana.

Sisi ni watu wa magharibi. Babu zetu walikuja Bonde la Ufa kufanya kazi ya reli, wakaacha karibu kila kitu huko nyuma isipokuwa kuku na miiko. Mwiko mkubwa kuliko yote ni kwamba mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawapeani mkono, hawaketi pamoja, na hakuna anayemwona mwenzake akitafuna. Mama mkwe wangu ana hoteli pale Salgaa, anapikia madereva wa malori, na matumbo yake yanasifiwa mpaka Malaba. Katika miaka kumi na mmoja ya ndoa sijaingia humo hata mara moja. Nikipita, shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, huniletea sahani nje, nami hula nimeegemea tairi la lori la mtu.

Sasa nilitakiwa kukaa na mama huyo bega kwa bega kwa saa nane. Na hatukuwa tunakwenda kutalii. Mke wangu alikuwa ameenda huko kufanya kazi ya uuguzi, akiwa na mimba ambayo yeye na mimi wote hatukuijua. Alijifungua kwa upasuaji, na sasa alikuwa peke yake na mtoto mchanga na kidonda. Alimhitaji mama yake. Mimi, kusema ukweli, nilikuwa wa kubeba mizigo.

Mama akakataa. Kupitia kwa shemeji alinijulisha kwamba hawezi kubanana na mkwe wake kama watu walio kwenye fungate. Nikapendekeza nihamie viti vya nyuma. Akakataa pia, kwani nani angemwonyesha choo, na nani angeongea na wale wazungu? Alitaka niwe karibu na nisiwepo. Nilikasirika, nikamwambia shemeji kwamba basi mama yake apande kwenye keria, juu ya paa la ndege. Siku mbili baadaye shemeji akanipigia na hukumu.

"Mathe anasema, kama hakusikii na wewe humsikii, hamjakaa pamoja. Tafuta hizo vitu za masikio."

Basi hedifoni ndizo zingekuwa pazia letu. Nikaingia duka moja mjini, nikampata mwanamke wa makamo amejiegemeza kwenye kaunta.

"Sasa boss. Unataka hedifoni gani?"

"Zilizofungwa."

"Zote zimefungwa, boss. Ona, hata sili haijaguswa."

"Sio boksi. Hedifoni yenyewe ndiyo iwe imefungwa."

"Kwani nani amekuambia tunauza zimefunguliwa? Hapa si mtumba."

Ilinichukua muda kumweleza kwamba kuna zile zilizo wazi mgongoni, zinazoachia sauti ivuje, na kuna zile zenye kikombe kizima kinachofunika sikio lote, sauti isitoke wala isiingie. Nilitaka hizo za pili. Zikunjike ziingie kwenye mkoba wa kanisani. Zisibane, kwa sababu zingevaliwa juu ya kitambaa cha kichwa ambacho mwenyewe havui hata akiwa na homa. Ziwe za waya, maana betri ikikata juu ya Sudan mwiko wote umekwisha. Na ziwe ngumu, maungio yake yawe ya chuma, kwa vile baada ya safari zingeishia jikoni Salgaa katikati ya mafuta na moshi.

"Ni za deejay?" akauliza.

"Ni za mama mkwe."

Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Wewe ni mtu wa western?"

Nikakubali.

"Si ungesema mapema! Bro yangu alipanda basi moja na mama mkwe wake. Mathe akalala, wakapita Gilgil, pale alikuwa ashukie, na hangeweza kumwamsha. Walifika Nairobi."

Akainama akatoa boksi lililokuwa chini kabisa. Zilikuwa nyeusi, zimejazwa sponji laini, na nilipozipinda hazikulia. Nikazichukua bila kubishana. Zangu mimi nilizinunua nje, kwa mchuuzi wa kando ya barabara, nyekundu zinazong'aa, naye aliapa kwa marehemu nyanya yake kwamba ni orijino.

Mama mkwe wangu hapokei kitu kabla ya kukijaribu. Bahati nzuri, nyuma ya hoteli yake kuna kisiagi, ile mashine ya kusaga mahindi, ambayo ikiwashwa hata mbwa huhama. Hakukuwa na mahali pengine Salgaa pa kujaribia kelele za ndege. Nikapeleka jozi zote mbili, nikampa shemeji, nami nikabaki nyuma ya lori kama desturi inavyotaka, sioni chochote. Kisiagi kikanguruma. Baada ya muda shemeji akarudi na unga kwenye nyusi, mkononi ana zile nyekundu.

"Amechukua nyeusi. Hizi anasema uvae wewe."

"Na amezionaje?"

"Anasema hizi zako zinasikia vizuri."

Nikavimba kichwa. Nilijua tu kwamba nina jicho la kuchagua vitu, na nikamwambia shemeji hivyo, akacheka sana kuliko nilivyotarajia.

Siku ya safari Mama alitembea hatua kumi nyuma yangu uwanjani kote, na kila nilipogeuka kuhakikisha yupo, yeye naye aligeuka kutazama ukuta. Ndani ya ndege akakaa dirishani. Kabla hata hajafunga mkanda alikuwa ameshavaa zile nyeusi juu ya kitambaa, waya kwenye simu, nyimbo za kwaya zikicheza. Sikusikia hata noti moja. Nilijipongeza. Chakula kilipoletwa akajifunika blanketi gubigubi, akala humohumo ndani, huku mhudumu akiniuliza kama bibi yuko sawa. Nikamwambia anasali. Mimi nilikula nimegeukia njia, shingo imepinda, kama kuku anayetazama mwewe.

Zile nyekundu zilidumu saa moja. Upande wa kushoto ukafa kwanza, wa kulia ukafuata, na ngurumo za injini zikaingia kwa raha zao. Nilimlaani yule mchuuzi pamoja na nyanya yake. Lakini sikuzivua, maana pazia ni pazia hata likiwa na matundu, na nilijua Mama hana habari. Nikafumba macho.

"Mwalimu."

Nilidhani nimeota. Nikachungulia kwa kona ya jicho. Alikuwa ameshusha hedifoni zake shingoni, uso ameuelekeza dirishani.

"Mwalimu, wakati ulikuja kwetu mara ya kwanza, mimi nilikukataa. Nilisema huyu hajawahi enda mahali, atamfungia mtoto wangu kwa nyumba. Na ni wewe umemwachilia akaenda. Hukumshika mguu. Kwa hivyo asante."

Moyo ulinipiga mpaka nikaogopa atausikia. Kumjibu kungekuwa kumvua nguo.

"Na umekonda. Chai ya shule si chakula." Akakipangusa kioo cha dirisha. "Mimi nimezeeka, na hii kitu iko juu sana. Kama nitalala nisiamke, hapa ama huko, wasinipeleke magharibi. Huko sijui mtu tena. Wanizike hapo Salgaa, karibu na barabara, nisikie lori. Hiyo maneno siwezi ambia watoto. Watalia."

Halafu akazirudisha hedifoni masikioni na kuendelea na kwaya yake. Mimi nililia. Nasema wazi, nililia kama mjinga, nimegeukia upande wa choo ili asinione. Nilimpenda yule mama ghafla, baada ya miaka kumi na mmoja ya kula nje, na sikuwa na ruhusa ya kumwambia. Nikaamua kwamba sikusikia kitu. Ndiyo heshima pekee niliyokuwa nayo ya kumpa.

Mke wangu anaishi katika nyumba ndogo ambamo miiko haitoshei. Tulipofika, Mama alimpokea mtoto, akamkagua kila mahali kama anayenunua kuku, akambusu, akamrudisha, kisha akaingia jikoni na kufunga mlango nusu. Mimi nikaketi chumbani kwenye ukingo wa kitanda, binti yangu mikononi, sijui hata nimshike wapi.

"Sasa mlisafirije nyinyi wawili?" mke wangu akauliza huku anajizuia kucheka kwa ajili ya kidonda. "Hizo hedifoni zilisaidia?"

Nikainua sauti ifike jikoni. "Sana! Safari nzima sikusikia hata neno moja."

Sufuria zikanyamaza.

"Mwambie huyo mwalimu asidanganye mbele ya mtoto," Mama akasema kutoka jikoni. "Nilijaribu zote mbili kwa kisiagi. Si nilimtumia maneno kwamba hizo zake zinasikia?"

Alikuwa amezivaa zile nyekundu kando ya mashine, akasikia kila neno lililosemwa pembeni, na ndiyo sababu akanirudishia hizo, ili ndani ya ndege nimsikie.

"Na ile ya Salgaa," akaongeza, polepole, "asisahau."

Mke wangu akanigeukia. "Salgaa kuna nini?"

Nikamvuta mtoto karibu na kifua.

"Hayo," nikamwambia, "ni mambo yangu na Mama."