Marcelina na Kichwa cha Bata wa Hariri

Saa tatu asubuhi, Kenton, kaskazini-magharibi mwa London. Juu ya duka la sari, Marcelina Shirima ameinamia meza, kibano mkononi, miwani ya kukuza usoni. Anafumua mshono alioushona mwenyewe. Uzi unatoka taratibu, anaulaza kwenye karatasi, anahesabu: "Mia moja na tisa."

Imebaki mishono arobaini na mitatu. Ijumaa wataalamu wa mwenye kitambaa wanakuja kukagua. Wakikuta ameharibu zaidi, Marcelina hatagusa tena hariri katika karakana hii ya kuhifadhi vitambaa vya kale.

Kitambaa chenyewe hakizidi leso ya mkononi. Kilifumwa China zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Ndani ya duara la vitone kama shanga, bata wawili wanatazamana juu ya ua la yungiyungi. Kwa Wachina, bata wawili wa namna hiyo ni ishara ya ndoa. Wa kushoto hana kichwa. Wadudu walishakila zamani.

Alikuwa hana, niseme, mpaka Machi, Marcelina alipomshonea kingine.

"Nilishona siku mbili, raha tupu," anasema mama huyu wa miaka hamsini na mmoja, mzaliwa wa Rombo. "Rangi ilikubali, shingo ikakubali. Nikajisemea, leo Bi Shenaz atafurahi."

Bi Shenaz, mwenye karakana, Mhindi aliyezaliwa Tanga, alilia.

"Nilimwambia, Mama Angel, what have you done?" anakumbuka. "Sisi haturudishi kilichopotea. Tunashikiza kilichobaki, basi. Pengo linabaki pengo, watu walione."

Marcelina anaijua kanuni hiyo. Ameifuata miaka sita. Lakini kushona alifundishwa na masista, Moshi, na kwao kiraka kikionekana ulifumua ukarudia. Mimi, ambaye kifungo cha shati hunishinda, nimekitazama kichwa kile kwenye picha na sikuona kiraka kilipoanzia. Hilo ndilo kosa lenyewe.

Kulikuwa na jambo jingine. Machi ile, mumewe, Telesphor, alikuwa na wiki tano tu tangu azikwe.

"Yule bata mzima anamtazama mwenzake, na mwenzake hana uso," anasema. "Iliniuma. Nilishindwa kumwacha vile."

Binti yake, Angel, humwambia kwa Kiingereza chake cha hapa hapa: "Mum, just do cleaning at the stadium." Mshahara wa kufanya usafi uwanjani haupishani sana na wa hapa, pauni kumi na tatu na ushee kwa saa. Marcelina hataki hata kusikia.

Mshono wa mia moja na kumi unagoma. Anauvuta, na uzi mwembamba wa rangi ya dhahabu unatoka nao. Huo si wake. Ni wa kale.

Hakuna aliyeona ila mimi. Marcelina anavua miwani.

"Bi Shenaz," anaita, "nimeng'oa uzi wao mmoja. Naomba daftari niandike."

Bi Shenaz anakuja, anautazama uzi. Anampa daftari na kalamu.

Namuuliza Marcelina anatarajia nini Ijumaa. Machozi yanamlengalenga.

"Wakinibakisha, nitaomba wanichagulie vitambaa," anasema. "Mawingu, maua, sawa. Lakini nikimkuta tena ndege hana kichwa, na mwenzake anamsubiri, kwa kweli mimi sijiamini."