Nguruwe Wangu na Tao la Posa

Siku ile walikuwepo wadogo zangu wawili, Elisha na Neema. Jirani yetu Bi Zaina na binti yake Sauda. Washenga watatu kutoka Lukozi, kanzu nyeupe pee. Na nguruwe wangu jike, ambaye hakualikwa. Wote waliniona, kwa hiyo aibu yangu sina pa kuificha.

Tangu wazazi wetu wafariki nikaacha shule, nguruwe yule ndiye karo ya wadogo zangu, na kwa kuwa pumba siimudu nimemzoesha majani ya miforosadi tuliyopanda kingoni mwa matuta. Sasa Bi Zaina akaomba matawi ya kupamba tao mlangoni kwake, maana Sauda anaposwa, nami nikayakata yote, nikajiambia nguruwe atavumilia mpaka mchana (nani alinidanganya kwamba nguruwe huvumilia?).

Washenga wanamalizia kilima, mimi niko juu ya kigoda nafunga tawi la mwisho, nikasikia mbao za banda zinavunjika.

"Dada, katoka!" Elisha akapiga kelele.

Alishanusa chakula chake. Akaling'ata tao, tao zima likamwangukia shingoni kama shada la bwana harusi, naye huku anatafuna akawaelekea wageni, ambao pua ile ikigusa tu kanzu zao ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Mshenga mkubwa akarudi kinyumenyume hadi kwenye kabichi. Dirishani Sauda kashika kichwa.

"Mwe! Wewe Upendo! Utaniharibia mwanangu!" Bi Zaina akalia.

Nikajitupa nikamkumbatia nguruwe kiunoni, akaniburuta matopeni, ndipo nikachomoa tawi shingoni mwake nikaanza kurudi nyumbani kinyumenyume, nikimbembeleza kwa sauti alifuate, mbele ya wakwe.

Mshenga akakagua kanzu yake, pindo lote. Safi.

"Bi Zaina," akauliza, "huyo naye ni upande wa bibi harusi?"

Wakacheka, posa ikapokelewa. Mimi sikucheka, nilikuwa natema tope.

Jioni nikaenda kuomba radhi.

"Shikamoo, Bi Zaina."

"Marahaba. Samahani yako sina pa kuiweka. Siku ya harusi tao utafunga wewe, na huyo mnyama wako alale kwa shangazi yako Kwai."

Nimeapa, nguruwe atakula kwanza, majirani baadaye. Lakini harusi bado, deni ninalo, na Kwai ni mbali kwa mtu anayetembea kinyumenyume.