Maboga Niliyoyang'oa Mchana

Mimi ni bwana shamba, mgeni hapa Mwamapalala. Juzi saa saba mchana nilikuta majani ya maboga ya mama mmoja yamelegea yote.

"Mayu, mizizi imeoza," nikamwambia kwa kujiamini, nikimwita mama kwa Kisukuma. "Tung'oe yote."

"Tungoje jua lipoe," akanijibu.

Sikungoja. Niling'oa shina moja nimwonyeshe uozo, nikakuta mizizi myeupe, mizima kabisa. La pili nalo vilevile. Nikaacha kung'oa.

Mama akanikaribisha uji. Jioni majani ya shamba zima yakasimama tena, ndipo nikakumbuka nilichosomea: jua kali hukausha majani upesi kuliko mizizi inavyopandisha maji.

"Kila mchana hujilaza hivyo," mama akasema akicheka, akanifungia majani ya yale mashina mawili nikapike mboga.