Bunduki ya Jairus Chini ya Kiti cha Nyuma

Jairus Mokua alikuwa na imani moja tu ya kibiashara: haraka ni ya muuzaji, si ya mnunuzi. Alifika Minneapolis kusomea uhasibu, karo ikamshinda mbio, akaacha darasa na kuanza kwenda mnadani kununua magari yaliyokataliwa na wenzake. Alikwenda asubuhi za baridi kali kwa makusudi, maana gari likishapashwa moto huficha maradhi yake. Mwaka 1995 ulimkuta ana veni yake mwenyewe na kazi isiyokuwa na mshindani: kuwachukua akina mama wa Kikenya kutoka Hopkins na Phillips, kuwapeleka Coon Rapids kwenye nyumba ya kutunzia wazee walikofanya kazi.

Abiria hao hakuwatafuta yeye. Aliletewa na Rahab.

Rahab alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa Hopkins kabla Wakenya hawajawa wengi huko. Ndiye aliyempokea Jairus alipotua, akamlaza kwenye kochi lake na kumwonyesha duka la makoti ya mitumba. Veni iliponunuliwa, aliwakusanya wenzake baada ya ibada akawaambia, "Huyu ni kijana wetu. Pandeni, mimi ndiye mdhamini." Wanawake wale hawakuwa wa kupanda gari la mtu wasiyemjua. Walipanda neno la Rahab. Kila safari alikaa kiti cha mbele, akaomba sala fupi injini ikinguruma, wakasema amina, Jairus akatia gia.

Mwezi wa Septemba waliibiwa. Ilikuwa mchana kweupe, kwenye kituo cha mafuta huko Phillips. Kijana mmoja akaingiza bastola dirishani taratibu, kama mtu anayeuliza njia. Akachukua pochi ya Jairus, akazunguka kwenye mlango wa pembeni, akachukua mkoba wa Peris, msichana aliyekuwa na mdomo kuliko wote mle ndani. Jairus aliinua mikono kama alivyoamriwa. Kila mtu alisema alifanya vyema, na kweli alifanya vyema, kwa sababu hakuna aliyeumia.

Siku chache baadaye Peris, maumivu ya mkoba yakiwa yamepoa, akasema kutoka nyuma, "Lakini Jairus alivyoinua mikono, mimi nilidhani tumeanza sifa na kuabudu."

Gari zima likacheka. Rahab naye akacheka, akijifuta macho kwa leso. Jairus alicheka nao, ila kicheko kile hakikushuka chini ya koo.

"Wewe jaza mafuta huku Hopkins kabla hujatoka," Rahab alimwambia wakishuka. "Na huo mlango uufunge kwa ndani. Yamekwisha."

Yangekwisha kweli. Ushauri wenyewe ulikuwa wa bure, na labda ndiyo sababu Jairus hakuuthamini. Aliamua kununua bunduki ya kukaa garini.

Aliifuata kama alivyofuata magari. Alimjua mzee mmoja wa Kizungu wa Coon Rapids, Alvin, fundi mstaafu aliyekuwa akimuuzia vipuri, na ambaye sasa aliuza bunduki zake za kuwindia kwa kuwa magoti yalikataa matope. Jairus alingoja asubuhi ya barafu ndipo akaenda, kwa sababu gereji ya Alvin haikuwa na moto. Juu ya meza kulikuwa na shotigani tatu, zote baridi kama vyuma vya makaburini.

"Hii ya mitutu miwili haina cha kuharibika," Alvin alisema. "Unaikunja, unatia, unafunga. Lakini ni risasi mbili, basi."

"Na hii inayong'aa?"

"Hiyo hujikoki yenyewe. Nzuri kwa bata. Ila inachagua chakula. Ukiipa risasi hafifu itakwama, na mafuta yakiganda kwa baridi itakwama vilevile."

Jairus akaivuta. Ilikwenda kwa uzito, kama mwiko kwenye uji uliopoa. Akaiweka chini.

Ya tatu ilikuwa ya kukoki kwa mkono, mbao zake zimechunika. Alipoivuta ilikwenda na kurudi kwa sauti moja safi, isiyo na kigugumizi. Alvin akatabasamu. "Hiyo hata ikilala garini majira yote ya baridi, itaamka. Ina mtutu mrefu wa kuwindia bata bukini, lakini mfupi wake ninao. Mrefu hautageuka ndani ya gari. Utavunja kioo chako kabla hujamwona mwizi."

Jairus alichukua tochi akamulika ndani ya mtutu kutafuta kutu. Aliomba risasi za bandia, akaitia na kuitoa hadi vidole vikafa ganzi. Haikukwama hata mara moja. Kwenye kitako akagundua ufa mwembamba, na huo ufa ndio alioushika kuanzia hapo, akisikitika juu yake kana kwamba amefiwa.

"Ufa huo una umri kukushinda," Alvin alisema. "Niambie, garini nani hukaa nyuma yako?"

"Abiria. Kina mama."

Alvin akaichukua bunduki mikononi mwake, akairudisha mezani. "Basi sikushauri. Mwizi atakuja dirishani kwako, wewe umefungwa mkanda, bunduki iko miguuni pa kina mama. Ukiipata, utaigeuzia wapi? Na sheria ya hapa inataka iwe tupu, ndani ya mkoba wake, zipu imefungwa. Ukifuata sheria hutaiwahi. Usipoifuata, una kesi."

Hapo ndipo Jairus alipokosea hesabu, na ilikuwa hesabu aliyoijua kuliko zote. Sokoni alikokulia, muuzaji akikuambia bidhaa hii haikufai, ujue anapima kiu yako. Kwa hiyo alifanya kama afanyavyo siku zote. Akafunga vifungo vya koti, akashukuru, akaelekea mlangoni polepole ili aitwe.

Alvin hakumwita.

Jairus alifika kwenye gari lake, akasimama kidogo na ufunguo mkononi, halafu akarudi mwenyewe. Katika maisha yake ya biashara hakuwahi kurudi bila kuitwa. Mzee alimpunguzia kidogo kwa sababu ya ufa, akampa na mkoba bure, akairudia ile habari ya zipu.

Mkoba ulibaki kabatini. Bunduki iliingia chini ya kiti cha nyuma cha veni, imeviringishwa blanketi, risasi tumboni. Rahab hakuambiwa. Kwao Jairus bunduki ilikuwa mali ya serikali au ya jambazi, hakukuwa na mtu wa tatu, na hakutaka kuulizwa yeye ni yupi.

"Jairus, hii jeki yako inaniumiza kisigino," Peris alilalamika siku moja.

"Isukume ndani."

"Nisukume mimi? Mimi ni abiria au taniboi wako?"

Wakacheka, wakaendelea na safari.

Mwezi wa Februari, wakienda shifti ya mchana, polisi aliwawashia taa nyuma. Taa moja ya breki ilikuwa imekufa, hilo tu. Jairus akaegesha vizuri kando ya barabara kuu, akavua kofia, akashuka. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake. Kwao dereva akisimamishwa huteremka na kumwendea askari kwa adabu, leseni mkononi. Anayebaki amekaa akingoja afuatwe amejifanya bwana mkubwa, na atalipia ubwana huo.

"Rudi ndani ya gari!" polisi alipaza sauti.

Jairus alisikia, lakini aliichukulia kuwa ndiyo sauti ya polisi wa dunia nzima. Aliendelea kumwendea akitabasamu, mkono ukiingia ndani ya koti kutafuta leseni. Bastola ikachomolewa. Akajikuta amelala kifudifudi, shavu juu ya lami na chumvi ya barabarani.

Gari la pili la polisi likafika. Mmoja wao akasogea mlangoni, akauliza kama kuna silaha ndani. Rahab akajibu kwa niaba ya wote, kwa kile Kiingereza chake cha kanisani, bila kutetemeka. "Hakuna silaha humu, afande. Huyu ni kijana wetu. Mimi namjua."

Jairus alimsikia vizuri. Alikuwa na nafasi ya kusema. Kinywa kilikuwa huru, polisi aliyemwekea goti mgongoni alikuwa anamsikiliza. Akapiga hesabu: pengine hawatatazama. Akanyamaza.

Walitazama. Kitako cha bunduki kilikuwa kimechungulia nje ya blanketi, pale Peris alipokuwa akikisukuma.

Wanawake waliteremshwa mmojammoja, wakapigishwa magoti kwenye theluji, mikono kisogoni, sare zao nyeupe zikilowa. Rahab aliulizwa tena na tena kwa nini alidanganya. Kila mara alijibu kwamba hakudanganya, na kila mara sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kabla.

Bunduki ilichukuliwa. Wakili alihangaika, kesi ikaishia kwenye faini na muda wa kuwa chini ya uangalizi wa mahakama. Hayo Jairus aliyabeba, yalikuwa na ukubwa unaojulikana. Alichoshindwa kukiwekea kipimo kilikuwa deni lake la Hopkins, na ilimchukua hadi theluji ianze kuyeyuka ndipo akagonga mlango wa Rahab.

"Karibu. Viatu acha hapo, kuna matope." Akamwekea chai kabla hajakaa sawasawa.

"Auntie, nimekuja kuomba msamaha."

"Nilishakusamehe. Nilikusamehe kulekule barabarani, maana nilikuwa tayari nimepiga magoti."

Jairus hakujua kama anaruhusiwa kucheka. "Basi Jumatatu nipite niwachukue?"

"Hapana."

"Nitawabeba bure mwezi mzima."

Rahab akakoroga chai yake.

"Utalikagua gari mwenyewe kila siku kabla hatujatoka," Jairus akaongeza. "Chini ya viti, kila mahali. Funguo ukae nazo wewe."

"Jairus, ngoja nikuambie. Pale kwenye theluji Peris hakulia. Alinigeukia akaniuliza, 'Ulijua?' Nikamwambia sikujua. Akaniangalia, unajua anavyoangalia mtu. Mpaka leo sijui kama aliniamini." Akaweka kijiko. "Gari lako mimi naweza kulipanda. Kumwambia mwingine apande ndiyo siwezi tena. Ataniuliza ni nini kingine ninachokijua."

"Na kama ningekuambia mapema? Siku ile niliponunua?"

"Ningekukataza. Ungeninunia wiki moja. Saa hii tungekuwa tumesahau."

Jairus akavuta kikombe chake. Akamaliza chai, akarudisha kikombe jikoni mwenyewe, akavaa viatu vyake vyenye matope.

Veni aliiuza kabla ya Pasaka. Mnunuzi alilizunguka gari, akasikiliza injini, akauliza kwa nini kitu kizima namna hii kinauzwa. Jairus, ambaye hakuwahi kukosa hadithi ya kumpa mnunuzi, akamwambia kwamba hana watu wa kuwabeba.