Ampli Ndogo Iliyozima Sauti ya Feza

Nakumbuka siku niliyorudi Kasongo kutoka Salamabila, nimepakata ampli mpya, mashine ya kukuza sauti, juu ya pikipiki, nikitaka mtaa mzima ujue kwamba nimerudi. Mwanangu, hadi leo nikiikumbuka nakasirika, na wa kwanza ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe.

Shangazi yangu alikuwa na bafle mbili, makasha makubwa ya mbao yenye spika ndani, alizoachiwa na mumewe. Kila Jumapili alisikilizia humo kaseti moja: marehemu binti yake Feza akiimba kwaya. Ampli yake ya zamani ilikuwa imekufa, ndiyo maana nilimletea nyingine. Nia ilikuwa njema. Mkono ndio uliokuwa na kiburi.

Niliunga ampli na bafle, nikaweka kaseti kwenye redio yake, nikapandisha sauti mpaka mwisho.

"Punguza, mutoto. Iko inakwaruza."

"Shangazi, usiogope. Bafle iko kubwa hivi, kaampli kadogo kataiua namna gani?"

Majirani walishafika mlangoni, nikaona haya kupunguza. Kabla wimbo haujaisha, sauti ya Feza ikazama, kama mtu anayeimba ndani ya blanketi.

Fundi wa sokoni alifungua bafle, akanionyesha spika ndogo za juu, nyaya zake zimeungua. Kisha akageuza ampli. Mbele iliandikwa wati elfu. Nyuma, kwa herufi ndogo, inakula wati hamsini.

"Inakula hamsini, inatapika elfu? Nionyeshe tumbo lake."

Aliyechapisha uongo ule hajui hata Feza ni nani. Na bado naona vijana wa Kabambare wakibeba katoni zenye uongo uleule, wakiwacheka wazee wanaosema punguza. Inaniuma.

Spika kama zile hatukuzipata tena, fundi akatia za aina nyingine. Shangazi aliijaribu kaseti mara moja tu, akaizima. "Huyu si Feza," alisema, wala hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Basi shika hili. Achana na namba ya katoni. Soma nyuma ya ampli na nyuma ya bafle. Tafuta nguvu ya kudumu, si ya kishindo cha mara moja, na wati za ampli na za bafle zilingane. Ampli ikizidi kidogo si neno, mradi mkono wako uwe na adabu. Omu za bafle, yaani kipimo cha ukinzani wake wa umeme, zisiwe chini ya zile ampli inazozitaka. Ampli dhaifu ikilazimishwa hukatakata sauti, na moto wake huishia kwenye spika ndogo. Ukisikia mkwaruzo, teremsha hapo hapo, hata kama mtaa mzima unakutazama.

Mungu akutunzie sauti za watu wako, mwanangu, na akupe mkono mwepesi wa kupunguza.